Mliowahi kunyanyua bodi ya gari la zamani nyumbani, tupeane uzoefu

Fundi Jioni: Nina Land Cruiser FJ40 ya marehemu baba. Chesisi, ile fremu ya chini inayobeba bodi, imeoza nyuma, nataka kutoa bodi nzima hapa hapa bandani. Mliopitia njooni.

Kutu Hailali: Umenitonesha kidonda. Yangu BJ40, ndugu yake wa dizeli. Tulifunga cheni bloku, ile winchi ya mnyororo ya kunyanyulia mizigo, kwenye boriti ya banda, tukavuta, bodi ikapanda, watu vigelegele. Shemeji akauliza, "Mbona na matairi yanapanda?" Kumbe bolti moja nyuma kulia imefunikwa na tope la miaka na miaka, hatukuiona. Boriti ikalia kwaa! Vumbi la bati likatujaa machoni. Kushusha tunaogopa, kupandisha tunaogopa, na mama mwenye nyumba kasimama dirishani anatutazama kimya. Tuliishusha pingili moja moja mpaka saa tatu usiku. Boriti imepinda mpaka leo.

Spana 17: Hiyo bolti naijua. Ni ile ile.

Mzee wa 109: Ndiyo maana mimi ni wa Land Rover. Unafungua vipande vipande, na bodi ni alumini, kutu utaisikia kwa jirani.

Dada Grisi: Mzee wangu, shikamoo, ila usiwadanganye vijana. Ukuta wa mbele, ule kati ya injini na dereva, ni chuma, unaliwa vizuri tu. Na alumini inapogusana na chuma inageuka unga mweupe.

Mzee wa 109: Marahaba. Yangu ya 1974 haina unga.

Dada Grisi: Tupe picha ya chini.

Volks Chogo: Beetle watu wanne na sufuria la pilau, bodi iko uani.

Mla Kona: Tuacheni na pilau. Yule mama mwenye nyumba alisemaje?

Kutu Hailali: Hakusema. Kodi ndiyo iliyosema.

Spana 17: Fundi, chomoa shafti ya usukani, waya wa ethi unaounga bodi na chesisi, bomba za breki na mafuta, kebo ya hendibreki. Bolti zimwagie mafuta ya taa siku tatu.

Mla Kona: Siku tatu za nini? Grinda dakika tano.

Dada Grisi: Cheche karibu na tanki la petroli? Tutakuja na rambirambi. Fundi, kabla ya yote chomelea nondo kwenye uwazi wa milango, bodi iliyooza ikinyanyuliwa inajikunja, milango haifungi tena.

Fundi Jioni: Asanteni. Kwa hiyo cheni bloku, au mirunda na vijana sita?

Kutu Hailali: Kwanza banda ni lako?

Fundi Jioni: La kupanga.

Kutu Hailali: Mirunda.