Programu inasoma volti 7 badala ya 12, na mashine inawaka vizuri. Ninunue pawa saplai nyingine?

DadaWaStesheneri
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, tangu jana sina raha. Kompyuta ya mezani ninayochapia kazi za watu nimeiwekea programu ya kuangalia joto. Joto liko sawa, ila mstari wa +12V, yaani umeme wa volti 12 unaotoka pawa saplai, unaandika 7.056. Fundi niliyempigia kaniambia pawa saplai imekufa, niandae elfu themanini. Lakini mashine haizimi wala haijiwashi upya, inapiga kazi kutwa. Na hela hiyo ndiyo ya karatasi za mwezi huu.

chuma_cha_pua
Badilisha tu dada. Yangu ilipochoka iliondoka na mazabodi (bodi kuu).

FundiWaBodi
Pole kwa hasara mkuu, ila hii ya dada ni tofauti. Kiwango cha ATX, kinachofuatwa na pawa saplai za kompyuta za mezani, kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani volti 11.4 hadi 12.6. Ingekuwa 7 kweli, mashine isingefika hata kwenye Windows.

Dada, kosa liko kwenye hesabu. Chipu inayopima volti kwenye mazabodi haiwezi kupokea volti 12 moja kwa moja. Nyingi za kampuni ya Nuvoton mwisho wake ni volti 2 hivi. Kwa hiyo wanaweka rizista mbili za kugawa umeme, tuseme ya kilo-omu 11 na ya kilo-omu 1, chipu ionje sehemu moja tu kati ya 12. Programu ndiyo inazidisha kurudisha namba halisi. Sasa kila bodi ina rizista zake, na programu isiyoijua bodi yako inakisia. Nahisi yako imezidisha mara 7: 1.008 mara 7 ni 7.056. Zidisha mara 12, inakuja 12.096.

Ingia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio ya bodi kabla Windows haijawaka, uniambie imeandika ngapi.

DadaWaStesheneri
12.096! Umeipatia mpaka tarakimu ya mwisho. Ila dakika nyingine inashuka 12.000, halafu inarudi.

FundiWaBodi
Usiogope. Chipu inapanda kwa hatua za milivolti 8. Mara 12, kila hatua inakuwa karibu volti 0.1. Umeme hauyumbi, ni kipimo chenyewe hakina namba ya katikati.

MzeeWaMita
Niongeze hapo. BIOS inazijua rizista za bodi yake, lakini inasoma chipu ileile. Shahidi wa pembeni ni multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi. Iweke volti 20 za DC, mashine ikiwa na kazi: ncha nyeusi kwenye waya mweusi wa plagi ya moleksi (ile ya pini nne kutoka pawa saplai), nyekundu kwenye waya wa njano. Ncha zisigusane kabisa. Na pawa saplai usiifungue mwanangu, kapasita zake zinashika umeme hata ukichomoa ukutani.

DadaWaStesheneri
Shikamoo mzee. Nimeazima multimita kwa kijana wa redio hapa jirani, nikapima huku video inacheza. 12.08, imetulia.

MzeeWaMita
Marahaba. Pawa saplai yako nzima hiyo.

FundiWaBodi
Jaribu programu ya HWiNFO, inazijua bodi nyingi. Ikikuletea 7.056 vilevile, ingia kwenye mipangilio ya mstari huo uweke kizidisho 1.714, yaani 12 gawa kwa 7.

DadaWaStesheneri
Imesoma 12.096 yenyewe. Kuna mstari mwingine wa volti umeandikwa VIN6 tu, unasoma 2.040 muda wote, hausemi ni wa nini.

FundiWaBodi
Inaelekea pini hiyo ya chipu haijaunganishwa na kitu. Ufiche tu mstari huo.

DadaWaStesheneri
Nimeuficha. Asanteni sana, naenda kununua karatasi.