Kaniuzia urembo, kamziba mwanangu masikio

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, nivumilieni.

Binti yangu ana miaka tisa, anavaa mashine za kusikia masikio yote mawili, zile zinazokaa nyuma ya sikio. Dada yake anaolewa Jumamosi hii hapa Tanga, na mtoto kanisihi mwezi mzima: "Mama, na mashine zangu zivae vipuli." Nilifurahi mpaka machozi. Mwaka jana tu alikuwa anazificha chini ya mtandio, leo anataka watu wazione! Nikazipeleka kwa mama mmoja mtengeneza vito huku Ngamiani. Kataja elfu arobaini, nikalipa bila kuomba punguzo.

Nimerudishiwa nini? Shanga na kipuli kizito cha chuma, vimegandishwa kwa supaglu juu ya ganda la mashine. Pale pale penye vitundu vya maikrofoni, vidogo kama ncha ya sindano. Karibu vyote vimezibwa! Ya kushoto, gundi imeteremka hadi kwenye kifuniko cha betri. Betri hizi zinatumia hewa, ndiyo maana unabandua kile kibandiko cha rangi ya chungwa kabla ya kuitia. Hewa ikikosekana inakufa. Imeshakufa, na kifuniko hakifunguki niweke nyingine.

Ya kulia inawaka, lakini kipuli kinaivuta, ile plastiki ya ndani ya sikio inalegea, sauti inavuja na kurudi kwenye mashine, basi ni mluzi mtindo mmoja. Jana usiku mtoto kakaa ukingoni mwa kitanda, kiganja sikioni, ananitazama midomo. Aliponipa mgongo nikamwita mara tatu. Hakugeuka. Mtoto ambaye nikimwita toka uani anaitika "abee mama"!

Nimempigia simu yule mama. Unajua kanijibuje? "Ulitaka urembo nimekupa urembo, kwani kiziwi atajua tofauti?" Sijalala.

Mwanangu anajua tofauti. Anajua sauti ya bibi yake, anajua adhana, anajua mwalimu akibadilisha somo. Mashine hizo ndizo zinazompa hayo yote, we mama unazipaka gundi kama unabandika soli ya kiatu!

Na msiniambie kosa ni kutaka mapambo. Kule Ufini yupo mbunifu anaitwa Jenni Ahtiainen, naye anavaa mashine ya kusikia, ndiye aliyeanzisha vito vya Deafmetal. Vyake vinashikwa na kipira laini kinachovishwa kwenye mashine, ukitaka unavua. Hakuna gundi. Hata hapa kwetu, ukivisha shanga mbili tatu nyepesi kwenye ule mrija unaoingia sikioni, mtoto anapendeza na anasikia. Fundi wa shanga wa Tanga anashindwaje hilo? Angeuliza tu, "Mama, sauti inaingilia wapi?" ningemwonyesha.

Elfu arobaini yangu naitaka. Radhi pia naitaka, na aombwe mtoto, si mimi.

Nimekwangua kwa ukucha na kijiti cha meno mpaka usiku wa manane. Asetoni nimeiogopa, isije ikayeyusha plastiki. Mwenye kumjua fundi wa mashine za kusikia anayeweza kuitoa gundi hii kabla ya Jumamosi, awe Tanga au hata Dar, aniandikie inboksi sasa hivi. Basi la alfajiri nitapanda.