Mbona wakulima wa Marekani walifilisika kabla ya 1929?

Mama Nafaka, Kongowea
Assalam aleikum wanajukwaa. Naomba mjuzi wa historia anitoe tongotongo. Mimi nauza mahindi na maharagwe kwa jumla hapa sokoni Kongowea. Kijana wangu kaja na kazi ya shule, na kitabu chao chasema soko la hisa la New York liliporomoka 1929, ndipo dunia ikaingia mashakani. Ukurasa uo huo wasema wakulima wa Marekani walikuwa taabani tangu 1920, miaka ambayo watu wa mjini walikuwa wakinunua motokaa na redio.

Haliniingii akilini. Mji ukiwa na pesa si chakula ndicho cha kwanza kununuliwa? Hapa kwetu bandari ikichangamka, hata muuza mchicha aona tofauti. Na la pili: bei ilipoanguka, mbona hawakupunguza kulima? Mimi mahindi yakishuka siagizi lori jingine.

Karani Mstaafu
Waaleikum salaam, mwanangu. Nimehesabu magunia ya watu gatini Kilindini miaka mingi, kwa hivyo niache nikupigie hesabu ya gunia.

Usianzie soko la hisa, anzia vita. 1914 Waturuki walifunga njia ya meli ya kutoka Bahari Nyeusi, ngano ya Urusi ikakwama huko, na Ulaya yenyewe vijana wako vitani. Marekani ilipoingia vitani 1917, serikali yao ikawahimiza wakulima: limeni, chakula ndicho kitakachoshinda vita. Ikawawekea na bei ya uhakika, dola 2 na senti 20 kwa busheli. Busheli ya ngano ni kilo 27 hivi, basi gunia lako la kilo 90 ni busheli tatu na kitu. Dola 7 na ushei kwa gunia, na mnunuzi yupo! Watu wakanunua shamba la jirani kwa rehani, wakakopa la trekta, ardhi ikapanda bei mpaka 1920.

Kisha serikali ikajitoa, Ulaya ikarudi shambani, na kufika 1921 busheli ni dola 1 hivi. Deni benki halikushuka hata senti. Hapo ndipo penye kisa chote, mengine ni maelezo tu. Aliyekopa akihesabu dola 7 kwa gunia sasa anapata tatu na kidogo, kwa hivyo palipotosha gunia moja lazima yatoke mawili.

Ndiyo jawabu la swali lako la pili. Wewe usipoagiza lori, pesa yako imebaki mkobani. Mkulima asipolima, riba yaja, kodi ya ardhi yaja, trekta limesimama uani na bado halijalipwa. Atalima zaidi apate pesa ileile, na jirani yake hivyo hivyo. Mashamba yalikuwa zaidi ya milioni 6. Hakuna hata mmoja wao ambaye angepandisha bei kwa kuacha kulima peke yake.

Na watu wa mjini? Aliyeongezwa mshahara hali mikate miwili pahali pa mmoja, ananunua hiyo redio. Tena motokaa na trekta ziliwaondoa farasi na nyumbu, na mamilioni ya ekari zilizokuwa zikiwalisha wanyama hao zikageuzwa kulima mazao ya sokoni. Bunge lilipitisha mswada ili serikali inunue ziada na kuiuza ng'ambo. Rais Coolidge akaukataa 1927, ukarudi, akaukataa tena 1928. Kufikia 1932 ngano ni senti 38 kwa busheli, yaani gunia zima dola 1 na robo! Mahindi yakawa rahisi kuliko makaa ya mawe, na wako waliotia mahindi jikoni yakawa kuni.

Feri ya Asubuhi
Ami, kwa heshima zako, hao walijitakia. Mtu mzima hajui bei ya vita haidumu? Mkopo alichukua kwa mkono wake.

Mama Nafaka, Kongowea
Wewe wa feri, bei ya leo wengine huijua jioni. Kaka yangu Lunga Lunga ana hati ya shamba benki, nami sioni ujinga wake uko wapi. Ami, hao waliofika kunadiwa walifanyaje? Serikali haikuweza kuzuia?

Karani Mstaafu
Kijana wa feri, benki nayo ilikuwa na makarani wasomi na ikatoa mkopo kwa bei hiyo hiyo ya vita. Mbona wao huwaulizi?

Mwanangu, walizuia wenyewe kwanza. Katika majimbo kama Iowa na Nebraska, siku ya mnada majirani walijaa uani tangu mapema. Dalali anaanza na ng'ombe, mtu anataja senti chache. Kimya. Dalali anabembeleza, "Nani aongeza?" Mgeni aliyekuja na pesa za kweli akifungua mdomo, anahisi mkono mzito begani, na pengine kitanzi cha kamba kimeshaning'inizwa ghalani akione. Shamba na vyombo vyake linakwenda kwa dola chache, na jioni vyote vinarudishiwa mwenyewe.

Yalifika pabaya pia. Aprili 1933, mji wa Le Mars, Iowa, walimtoa jaji Charles Bradley mahakamani mwake wakitaka aape kutotia sahihi tena kesi za rehani. Alikataa, wakamtia kamba shingoni. Alipona, na gavana akaleta askari. Lakini mwaka huo huo Minnesota ilipitisha sheria ya kuahirisha minada, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikubali 1934. Kwa hivyo ndiyo, serikali iliweza, ilipoogopa.

Rais Roosevelt naye 1933 akaleta dawa ya kile ulichouliza: walipwe wapunguze. Pamba ekari milioni 10 hivi ilifukiwa kwa jembe ikiwa shambani, na nguruwe milioni 6 wakachinjwa kabla ya wakati wao. Bei ilipanda. Watu wenye njaa walikasirika sana, na siwalaumu.

Mnazi wa Kilifi
Mimi nauliza jambo moja: hela ya kupunguza alipewa nani? Sisi hapa tunajua kuwa na minazi yako juu ya ardhi ya mtu mwingine. Ukisikia mwenye shamba kalipwa asilime, anza kufunga virago.

Karani Mstaafu
Umelenga, ndugu. Kule Kusini mwa Marekani hundi ilikwenda kwa mwenye ardhi. Aliyelima kwa kugawana mavuno alitakiwa apewe fungu lake, na wengi hawakuliona. Ekari zikipungua, kazi haipo, unafukuzwa na nyumba unaiacha. Weusi waliumia zaidi, ingawa na Wazungu maskini walikuwemo kwa maelfu. 1934, Tyronza, Arkansas, waliungana weusi na weupe wakaanzisha chama cha wapangaji wa mashamba, jambo la hatari sana kwa pahali na wakati ule. Walipigwa, na mikutano yao ikavunjwa kwa bunduki.

Mama Nafaka, Kongowea
Kitabu cha shule hakina hata mstari wa hao. Nitamwambia kijana awaweke. Ami, na ile ngano ya 1932, kwetu Kenya wakati huo mahindi yalikuwaje?

Karani Mstaafu
Yalianguka pia, mpaka serikali ya kikoloni ikafungua benki ya ardhi 1931 iwakopeshe masetla. Mkulima Mwafrika hakuwekwa kwenye hesabu hiyo. Fungua mada nyingine, hiyo nina maneno mengi nayo.