Mmisionari wetu achangishe mwenyewe, au kanisa lililomtuma limtunze?

Msafiri wa Hanang (mleta mada)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi na mke wangu tuko kwa Wabarabaig, wafugaji wa upande wa Hanang, mwaka wa 4 sasa. Kabla hatujaenda kanisa lilituwekea mikono, likatuombea, kisha likatuambia tukatafute watu wa kutushika mkono. Bajeti yetu ilikuwa shilingi 950,000 kwa mwezi: chakula, mafuta ya pikipiki, matibabu, karo za watoto 2. Miezi 14 ilipita tukiwa tumefikisha nusu.

Niliyojifunza nayaweka hapa, anayejiandaa ayachukue. Wanaoahidi mbele za watu si ndio wanaotoa. Siku ya kuagwa ziliandikwa ahadi 61. Mwezi wa 3 waliobaki walikuwa 19. Tena mfadhili mkubwa mmoja ni hatari kuliko wadogo 30. Tulikuwa na rafiki wa nje aliyebeba karibu nusu ya bajeti. Alipostaafu akatuandikia kwa upole kwamba hawezi tena, na mwezi uliofuata tuliuza mahindi ya akiba ili mtoto arudi shule. Na mtu ukimfuata kwake, ukakaa, ukala naye, ukamweleza kazi ilivyo, hakusahau. Ukimrushia ujumbe kwenye grupu la WhatsApp umemsumbua tu.

Kuna jogoo mmoja siwezi kumsahau. Mtaa mdogo wa kijijini, waumini hawafiki 40, walifanya mnada baada ya ibada kwa ajili yetu. Jogoo mwekundu, mkia umenyofoka upande. Mzee mmoja akamnunua 12,000, akamrudisha mezani. Mama mmoja akamchukua 9,000, naye akamrudisha. Akazunguka mara 5, akaingiza 46,000, na mwishowe wakamfunga miguu wakatupakilia kwenye pikipiki, tukaondoka na fedha na jogoo mwenyewe.

Usharika wa mjini uliotulea, ambao Jumapili uwanja unajaa magari, ulitupa sadaka ya siku moja basi. Watu walewale harusi wanachangia laki 2, laki 3, kamati inakaa wiki 8, lakini mmisionari akiomba 5,000 anaambiwa atafute kazi. Nauliza: ni halali kanisa kumtuma mtu kisha kumwacha azunguke akiomba? Kwa nini asiwekwe kwenye bajeti kama anavyowekwa mchungaji?

Fundi wa Makambako

Pole na kazi mtumishi. Ila Paulo alishona mahema, hakupita nyumba kwa nyumba na karatasi ya ahadi. Mimi ni seremala na ni mzee wa kanisa. Jumapili nahubiri mtaani kwetu, Jumatatu alfajiri nipo kwenye randa, na sijawahi kumdai Mungu posho. Krapf, yule mmisionari wa zamani, alipofika Mombasa, 1848 kama sikosei, alimwomba nani? Huko Hanang kuna ardhi na mifugo. Lima, fuga, hubiri.

Kijana wa Tegeta

Nilikuwa nasoma vizuri hadi nilipofika kwenye harusi. Mimi nimeoa Agosti. Nilichangiwa, ndiyo, na sioni aibu. Marehemu baba yangu alichangia watu mtaani kwetu miaka 20, na waliokuja kunichangia wengi walikuwa wanamlipa yeye. Sasa mtu anakaa Hanang anatuhukumu kwamba tumekula fedha ya Injili! Ile ndoa ilifungwa madhabahuni, mtumishi. Kama usharika wako haukukupa, wadai hao. Usipitie kwenye sherehe za watu.

Msafiri wa Hanang

Ndugu yangu wa Tegeta, sikumlenga mtu, na hongera kwa ndoa. Nilitaka kusema kwamba fedha ipo. Tunaposema watu hawana, si kweli.

Kijana wa Tegeta

Kusema ipo ndiyo kutulenga. Unajua mimi nimebaki na deni gani la ukumbi?

Mwinjilisti Mstaafu

Wanangu, nimehudumu miaka 37, naomba mnisikilize kidogo.

Fundi, Matendo 18:3 umeisoma. Shuka mpaka mstari wa 5. Sila na Timotheo walipofika kutoka Makedonia, Paulo akasongwa na lile neno. Walimletea nini? Soma 2 Wakorintho 11:9, ndugu waliotoka Makedonia ndio waliomtimizia alichopungukiwa. Na kwa Wafilipi anawashukuru kwamba alipokuwa Thesalonike walimpelekea msaada, si mara moja. Mahema alishona, na michango alipokea. Alipokuwa Korintho hakutaka kuwalemea Wakorintho, akatunzwa na kanisa la mbali. Hiyo ndiyo misheni.

Krapf alifika Mombasa 1844, si 1848, na hakufika mikono mitupu. Alikuwa Mjerumani, lakini aliyemtuma na kumtunza ni chama cha Waanglikana wa Uingereza, CMS. Miezi michache tu akamzika mkewe Rosina na mtoto mchanga palepale. Na fedha ya CMS haikutoka kwa mabwana wakubwa peke yao. Vilikuwapo vikundi vya waumini wa kawaida waliokusanya peni moja moja kila wiki. Mtu aliyekuwa hajui Mombasa iko wapi alitoa peni yake. Jogoo wako wa Hanang ana ndugu zake wa zamani.

Hata AIM (Africa Inland Mission), misheni ya Peter Cameron Scott, walioingia Kenya 1895, walikuwa na kanuni ya kutoomba mtu fedha. Lakini habari za kazi na za mahitaji walizitoa waziwazi. Scott mwenyewe alifariki mwaka uliofuata huko Ukambani, na kazi haikufa, kwa sababu kwao kulikuwa na watu wanaoijua na wanaoiombea.

Mhazini wa Mtaa

Shikamoo mzee. Mimi nashika vitabu vya mtaa mwaka wa 6, na huyu kijana wa Tegeta ana hoja ambayo hakuimalizia. Mchango wa harusi una daftari. Aliyenipa laki namwandika, na kwake zikitokea za mwanawe narudisha laki au nazidisha kidogo. Nisipopeleka, mke wangu atasemwa kisimani. Kamati inapiga simu, mwenyekiti anakufuata kazini. Mmisionari ana kamati gani? Nani atakupigia simu tarehe 25 akuulize ahadi yako? Anaachwa apige mwenyewe, na mtu kujiombea ni fedheha. Sisi tulipomtuma binti wetu kusini tuliteua watu 3 wa kumfuatilia. Yeye hakupiga simu hata moja ya fedha, na ahadi nyingi zililipwa. Fungu la kumi liko palepale, watu ni walewale. Kilichobadilika ni mdomo unaoomba.

Mama Neema

Mhazini, kisimani ndiko tunakosema watu? Wanaume ndio wanaosema harusi ilikosa soda.

Mhazini wa Mtaa

Samahani mama, nimeteleza.

Jirani wa Thika

Habari zenu majirani. Huku kwetu PCEA, kanisa la Presbiteri, neno letu ni Jitegemea, na lina historia. Mchungaji mmoja wetu miaka ya sabini alisimama Marekani akawaambia wazungu wakae na wamisionari wao na pesa zao. Wengine walikasirika sana. Sasa nikisoma kuhusu rafiki wa nje aliyebeba nusu ya bajeti, nauliza, miaka 50 baadaye bado tuko hapo?

Na pesa si pesa tu. Novemba 2024 Rais Ruto alitoa mchango katika kanisa moja Katoliki la Soweto, Nairobi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zirudishwe. Mimi si Mkatoliki lakini siku hiyo nilisimama wima. Kanisa linalokula kwa mwanasiasa leo, kesho litamtuma mmisionari akahubiri nini?

Fundi wa Makambako

Siasa za Kenya tuziache Kenya. Hapa tunaongelea mtu wa Hanang.

Jirani wa Thika

Siasa? Nimeongelea madhabahu. Kama huku kwenu mheshimiwa hajawahi kuleta bahasha kwenye uzinduzi wa albamu ya kwaya, niambie niombe radhi.

Fundi wa Makambako

Bahasha zinaletwa, sikatai. Kwetu ililetwa ya mabati mwaka wa uchaguzi, na mimi nilipinga kikaoni nikabaki peke yangu. Sipendi kukumbushwa.

Mwinjilisti Mstaafu

Mchungaji aliyemtaja jirani wa Thika ni John Gatu, na mwaka ni 1971. Lakini tumtendee haki. Hakuwafukuza watu kwa chuki. Alitaka misaada ya watu na fedha isimame kwa muda ili makanisa yetu yajifunze kusimama, na mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika yote kule Lusaka ukaunga mkono. Nilikuwa kijana, tulibishana usiku kucha. Mwalimu wetu alisema mtoto hajui kutembea akiwa bado mgongoni. Mimi nilisema ukimshusha barabarani atagongwa. Mpaka leo sijui nani alishinda.

Dada Mhasibu

Mnazunguka na historia, mimi nina donda. Nilimtegemeza mmisionari mmoja miaka 2 na miezi 3, 30,000 kila mwezi, na mshahara wangu wakati ule ulikuwa laki 4. Sikupata barua. Sikupata picha. Sikuambiwa hata mtu mmoja jina lake nimwombee. Nilipougua nikashindwa miezi 2, ndipo simu ikaja: "Dada, tumeona umetusahau." Nililia. Niliacha siku ile. Kwa hiyo mleta mada, unapohesabu ahadi 61 zilizobaki 19, jiulize wale 42 uliwatendea nini.

Kijana wa Tegeta

Hapo sasa! Mimi kwenye harusi kila aliyenichangia nilimtumia ujumbe wa shukrani, na picha.

Msafiri wa Hanang

Dada, nimesoma ujumbe wako mara 3 na nimemsomea mke wangu. Si sisi uliotutegemeza, lakini tungeweza kuwa sisi. Mwaka wa kwanza tuliandika barua 1 tu. Kijijini mtandao unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya zahanati, basi nikafanya hiyo ndiyo sababu, ingawa kila tukikwama kifedha nilikuwa napanda kichuguu hichohicho kuomba. Mmoja wa wale 42 alifiwa na mama yake, sisi hatukujua mpaka miezi 5 imepita. Alikuwa anatoa 10,000. Nilipompigia pole hakunilaumu, aliniuliza tu kama yule mzee wa Kibarabaig niliyewahi kumtaja ameshapona macho. Alikuwa bado anamwombea.

Sasa tunaandika kila mwezi, hata ikiwa mistari 6, na fedha hatuitaji humo. Mwaka jana walirudi 7.

Ila Mhazini kanifungua macho. Sikuwahi kufikiri kuliomba kanisa liteue watu wa kupiga simu kwa niaba yetu. Nilidhani lililobaki ni bajeti tu.

Dada Mhasibu

Asante kwa kujibu bila kujitetea. Nilikuwa nimejiandaa kugombana.

Fundi wa Makambako

Bado nasema alime.

Mama Neema

Fundi, anakaa na wafugaji. Akilima penye malisho atahubiria nani? Wewe ungekubali mgeni apande mahindi kwenye karakana yako?

Fundi wa Makambako

Basi afuge.

Kijana wa Tegeta

Mhazini, turudi kwenye daftari. Unasema mchango wa harusi ni deni. Aliyenichangia akifa kabla sijamrudishia, nawapa watoto wake au basi? Kuna mzee alinipa 150,000 Julai, tumemzika Oktoba. Wanangu mie sijapata hata mmoja, na watoto wa mzee wako 4.

Mhazini wa Mtaa

Ungemrudishia msibani. Kama hukutoa kitu cha kueleweka msibani, mwandike mkubwa wao na utoe atakapooa.

Jirani wa Thika

Kwetu deni likizikwa limezikwa.

Mama Neema

Kwenu ni kwenu. Msafiri, mimi nina swali moja dogo, wote wameruka. Watoto wanasoma wapi?

Msafiri wa Hanang

Bweni, Babati, mama. Wa kwanza yupo darasa la 6, mdogo wake la 3. Muhula huu mdogo ameingia wiki 2 nyuma ya wenzake.

Mama Neema

Kwa sababu ya karo?

Msafiri wa Hanang

Ndiyo mama.

Mama Neema

Niandikie pembeni jina la shule na namba ya kulipia. Huyo mdogo ni wangu mpaka amalize la 7.