Mjadala: Je, anayemeza ARV (dawa za kupunguza makali ya VVU) aelezwe hesabu za virusi, au aambiwe tu ameze?

Mleta mada (Majengo)

Ndugu zangu wa Mombasa, suala hili limebishaniwa sana barazani kwetu. Wengine wanashikilia kuwa hesabu za wanasayansi kuhusu jinsi virusi vinavyozaliana na kuondolewa mwilini zibaki maabara. Mgonjwa aambiwe ameze dawa kila siku, basi. Mimi nasema aelezwe, kwa Kiswahili cha kawaida, hata pale hesabu ilipokosea.

Mtu mwenye VVU asiyetumia dawa anaweza kukaa miaka na kiwango cha virusi kisichobadilika sana kwenye damu. Zamani wengi walidhani virusi vimelala tu. Mwaka 1995 timu za David Ho na George Shaw kule Marekani zilichapisha matokeo ya wagonjwa waliopewa dawa mpya: kiwango kiliporomoka ndani ya wiki mbili. Hebu fikirieni jahazi linalovuja, na mabaharia wanafua maji kwa kasi ileile yanayoingia. Maji hayapandi wala hayashuki. Ziba tundu, kama dawa inavyozuia virusi vipya, na jinsi yanavyoshuka utajua mabaharia walikuwa wakifua kwa kasi gani. Hoja hiyo Alan Perelson wa maabara ya Los Alamos, Marekani, na wenzake waliiandika kwa milinganyo mwaka 1996, wakapata kwamba mwili wa mgonjwa huzalisha virusi takriban bilioni 10 kwa siku, na nusu ya seli zinazovizalisha hufa kila baada ya siku 1.6 hivi. Mwili ulikuwa vitani muda wote, bila dalili yoyote kuonekana!

Hapo ndipo sababu ya dawa tatu inapoeleweka. VVU hukosea mara kwa mara vinapojinakili. Kwa mabilioni hayo, karibu kila kosa moja linalowezekana kwenye jeni hutokea kila siku, na dawa ikiwa peke yake hukutana upesi na virusi sugu. Kukwepa tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri kwa mpigo mmoja, kama zilivyo ndani ya kidonge cha TLD, ni kazi ngumu mno kwa kirusi. Mgonjwa akilijua hilo, anajua pia kwa nini kuruka dozi ni hatari.

Mwalimu wa hesabu (Tudor)

Umeruka palipo na moto. Mwaka 1997 hesabu za haohao kina Perelson zilikadiria kwamba dawa ikizuia maambukizi mapya yote, virusi vingeweza kumalizika kwa miaka 2.3 hadi 3.1. Kumbe vinajificha ndani ya seli za kinga ziitwazo CD4, zile zilizotulia. Utafiti wa 1999 ulikadiria kuwa ghala hilo huchukua miezi 44 hivi kupungua kwa nusu, yaani zaidi ya miaka 60 kuliondoa. Mgonjwa akikamata ile miaka mitatu peke yake akaacha dawa, nani atabeba dhamana?

Muuguzi (Likoni)

Naunga mkono mwalimu. Mgonjwa amevuka feri alfajiri, foleni ndefu, anawahi kibarua. Miezi 44 ya nini? Ninachotaka atoke nacho ni hiki: kipimo kikisema virusi havionekani, bado vimo mwilini, na ukiacha dawa mara nyingi vinarudi ndani ya wiki chache.

Mkaazi wa Mji wa Kale

Mie nasema waelezwe. Mei 2020 mtaa wetu ulifungwa kwa sababu ya korona, na tulichopata ni idadi ya wagonjwa kila jioni. Baadaye watafiti wa Kilifi walipopima damu za wachangiaji, walikadiria kuwa karibu asilimia 8 ya watu wa Mombasa walishaambukizwa kufikia katikati ya Juni. Idadi za jioni hazikukaribia hapo. Laiti tungeelezwa mapema kwamba idadi ile ni ya waliopimwa tu, uvumi mwingi usingepata nafasi.

Mleta mada

Mwalimu, usiiache nusu ya habari. Walioandika hesabu ya 1997 walitahadharisha wenyewe kwamba muda ungeweza kurefuka iwapo virusi vina maficho yasiyogunduliwa. Modeli, yaani hesabu hiyo, iliweka sharti lake wazi, vipimo vikaonyesha sharti halikutimia, na hivyo ikajulikana pa kutafuta. Mgonjwa akipewa habari yote hiyo, atakuwa na la kumjibu anayemuuzia mitishamba ya "kumaliza kabisa" kwa miezi mitatu. Wapo wanaoacha ARV kwa ahadi kama hizo, na inaniuma sana.

Sista, foleni yako naijua, na ujumbe wako ni sahihi. Lakini mgonjwa atakuuliza: kama havionekani, vinarudi kutoka wapi? Jibu ni lile ghala. Kama chumbani hakuna nafasi, je, vikundi vya wagonjwa wenyewe, wanaokutana na kupeana moyo, haviwezi kufundishwa haya? Wewe uliye karibu nao, unaonaje?