Mrejesho: mbegu za lisi nyeupe, na ile krosi yangu (kuchanganya maua mbili) ya Bukavu

Aksanti sana bandugu na badada! Nilikuwa nimeuliza juu ya mbegu za lisi (yungiyungi) nyeupe zenye zilikataa kuota, na kama naweza changanya nyeupe na ile ya orange ya jirani.

Kumbe nilikuwa nazika mbegu chini sana. Nilifuata mama mwenye aliniambia nifunike na udongo kidogo tu, weka mucanga, weka kivulini: ku mbegu 40, 23 zimeota kisha wiki ine hivi, kajani kamoja kembamba sawa ya kitunguu. Njo mvua ikapiga tatu jours mfululizo, bassin yenye nilipanda ndani haikutobolewa vizuri chini maji itoke, 9 zikaoza shina. Hiyo ni kosa yangu.

Krosi sasa... nilitoa poda (chavua) ya ua nyeupe mbele ifunguke, nikapakaa poda ya ua ya orange ku ulimi ya katikati ya ile nyeupe, nikafunika na aluminiumu. Maua tatu, mbili zikaanguka, moja ikabeba tunda nono, nikafurahi bure. Mbegu nikaiweka mbele ya lampi: makapi matupu, hakuna hata ule mstari mweusi wa kiini ndani. Mzee mwenye alinijibu kama nyeupe na orange ni ukoo za mbali, alisema kweli. Sasa natafuta nyeupe ingine ya ukoo moja.