Zuu wanaazimana wanyama bila kulipana, ni kweli ama ni stori tu?

BabaShamim

Salaam kwenu wote. Jumapili nilipeleka watoto Entebbe kule kwa wanyama, wangu watatu na wa jirani wawili, taxi karibu ijae sisi tu, tukala chapati njiani mpaka kondakta akaanza kunung'unika makombo. Nikaweka picha kwenye grupu la familia. Shemeji yangu aliyeko Denmark naye akarusha zake, ati yuko zuu ya Copenhagen, simba, twiga, wanyama wa huku kwetu wamesimama kwenye baridi ya huko.

Sasa binti yangu Shamim, ana miaka tisa, akaniuliza swali nikakosa jibu: baba, hao wazungu waliiba wa kwetu ama walinunua? Nikamuuliza shemeji. Akasema siku hizi hakuna kununua, zuu zinapeana wanyama bure, huyu anatuma dume, yule anatuma jike, na kuna mtu amekaa na daftari huko anaamua nani azae na nani. Mimi ni fundi friji, nimekaa Kampala miaka ishirini, sijawahi kuona kitu cha thamani kinatoka mkono huu kwenda mkono ule bila pesa, lazima kuna mtu anakula katikati. Naomba anayejua anieleze, wanapeana kweli? Mtoto akizaliwa ni wa nani? Na sisi huku tunapata nini? Na wale wa matangi ya samaki, akwariamu, nao wako kwenye hiyo mipango?

Mlishaji_Mstaafu

Baba Shamim, nimelisha wanyama miaka kumi na moja kabla mgongo haujakataa, wapi usiniulize, ngoja nikujibu kwa mbuzi kwanza.

Kijijini kwenu mtu ana mbuzi jike sita na beberu mmoja. Mwaka wa kwanza sawa, wa pili sawa, wa tatu yule beberu anapanda mabinti zake mwenyewe, mara unaona vitoto vinazaliwa dhaifu, vingine vinakufa. Mzee mwenye akili anafanya nini? Anaenda kwa jirani, anaazima beberu, hakuna pesa, kitoto kimoja kikizaliwa mnaelewana. Basi zuu ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba jirani yuko Ujerumani na beberu ni chui.

Zuu moja haina nafasi, itaweka chui wawili watatu. Peke yao hao ni ukoo wa kufa. Lakini zuu mia zikiunganisha wanyama wao na kuwahesabu kama kundi moja, hapo una damu ya kutosha. Lile daftari la shemeji yako lipo kweli, ni kitabu cha ukoo, kila mnyama ana namba yake, baba nani, mama nani, alizaliwa lini, alihamia wapi, alikufa kwa nini. La kwanza la kimataifa la mnyama wa porini lilikuwa la nyati wa Ulaya, 1932. Porini walikuwa wameisha kabisa, waliobaki ni wachache kwenye zuu na mashamba ya watu, na wote unaowaona leo kule misitu ya Poland wametokana na wanyama 12 tu. Kumi na wawili! Hebu fikiria bila daftari hapo.

Siku hizi daftari liko kwenye kompyuta. Shirika linaitwa Species360, lilianza 1974 huko Marekani kwa jina lingine, na zuu na akwariamu zaidi ya elfu moja duniani wanaandika humo. Halafu kila aina ya mnyama ina mratibu wake, anafanya kazi zuu moja ila anapangia zote. Wamarekani walianza mipango hii 1981, Wazungu wa Ulaya 1985. Anaangalia damu ipi ni adimu na ipi imejaa, anaandika barua: dume wenu aende kwa fulani. Kwenye mipango hiyo mnyama hauzwi, kawaida anayempokea ndiye analipa sanduku na ndege, na mtoto ni wa nani wanakubaliana kabla mnyama hajapanda ndege, kama kwenye mbuzi.

Lakini nikwambie na upande mchungu, maana shemeji yuko hapo hapo. Februari 2014 zuu hiyo ya Copenhagen walimuua twiga kijana mzima wa afya aliyeitwa Marius, wakamkatakata watu wakiangalia, simba wakapewa nyama. Sababu? Damu yake ilishajaa kwenye daftari, nafasi yake ilitakiwa kwa mwingine. Kulikuwa na waliojitokeza kumchukua, wakakataliwa. Dunia nzima ilipiga kelele. Mimi hesabu naielewa na bado siku ile sikula vizuri.

Okello_WestNile

Mzee umeeleza vizuri. Mimi naongeza la vifaru, kwa sababu kwetu West Nile ndiko walikokuwa wale weupe wa kaskazini, pale hifadhi ya Ajai. Babu yangu alikuwa anasimulia kama mtu anayesimulia ng'ombe wa jirani, ati ulikuwa unawakuta tu. Vita na bunduki zikaja, mwanzoni mwa miaka ya 1980 Uganda nzima hakuna kifaru hata mmoja porini.

Sasa Baba Shamim ameuliza tunapata nini. Panda basi la Gulu, shuka Nakasongola, kuna hifadhi ya vifaru inaitwa Ziwa. Vifaru wa kwanza walikuwa sita tu, wanne walitoka shamba la Solio Kenya 2005, wawili walitoka Marekani 2006, na si porini kwa Wamarekani, walitoka zuu ya Disney, ile Animal Kingdom ya Florida! Jike mmoja wa hao, Nandi, akazaa 2009, mtoto wa kwanza wa kifaru kuzaliwa Uganda baada ya karibu miaka thelathini. Baba alitoka Kenya, mama Marekani. Wakamwita Obama, wangemwita nani mwingine hahaha. Leo wamepita arobaini. Kwa hiyo zuu ya nje ilitoa na sisi tukapokea, si kila safari mnyama anatoka huku kwenda huko.

Hao ni weupe wa kusini lakini, si wale wetu wa Ajai. Wale wetu ndio kilio. Mwishoni mwa 2009 zuu ya Dvůr Králové huko Czech waliwaleta wanne hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, wakitumaini hewa ya nyumbani itawafanya wazae. Haikuwa. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018, wamebaki Najin na binti yake Fatu, wote majike. Wataalam wanatengeneza viinitete maabara kwa mayai ya Fatu na mbegu za madume waliokufa zilizowekwa kwenye barafu, halafu jike wa kusini ndiye abebe mimba. Bila zuu kuhifadhi hizo mbegu miaka yote hiyo ungekuwa unaongea nini leo? Ila mimi nasema, ilichelewa.

Muhindo_Kasese

Wote mnaongea vizuri sana, mko mjini. Mimi nimepakana na mbuga ya Queen Elizabeth. Tembo waliingia shamba la mihogo mwezi uliopita, saa nne za usiku, nusu eka imeenda, tulipiga madebe mpaka mikono ikauma. Sasa mtu wa Florida anampenda tembo, anamsomea vitabu, anamfanyia siku ya kuzaliwa na keki, sawa, lakini aliyelala njaa kwa sababu ya huyo tembo ni mimi. Najua ile asilimia 20 ya kiingilio cha mbuga inarudi kwa jamii zinazopakana, inajenga darasa, sikatai. Darasa halipikwi. Niambieni hiyo kushirikiana kwa zuu na zuu inanifikia wapi mimi.

Mlishaji_Mstaafu

@Muhindo pole sana ndugu yangu, na sina jibu la mihogo, nikikupa nitakuwa nakudanganya.

Ninachoweza kusema ni kwamba kilichobadilika ni utunzaji, na huo umefika hapa. Zamani ukitaka kupima damu ya sokwe unampiga sindano ya bunduki, analala, anaanguka vibaya, wengine hawaamki. Na akiamka anakuchukia mwezi mzima, anakutupia mavi ukipita, nimepata hayo mimi! Siku hizi unamfundisha. Unakaa naye kwenye waya kila asubuhi na karanga, unampigia filimbi ndogo akifanya vizuri, leo anashika fimbo, wiki ijayo anatoa mkono, mwezi wa tatu anakaa mwenyewe sindano inaingia huku anatafuna. Hiyo haikuvumbuliwa na zuu moja. Walianza kuitumia kwa pomboo na simba wa bahari, kwenye akwariamu, maana mnyama wa majini utamfunga kamba vipi? Watu wa nchi kavu wakaiga kwa watu wa maji. Hakuna aliyemlipa mwenzake.

Hata majibu ya damu yanaandikwa kwenye ile kompyuta. Daktari wa wanyama akipima fisi maji mgonjwa, atajuaje kama kipimo ni cha kawaida wakati maishani ametibu watatu tu? Analinganisha na mamia waliopimwa kwingine.

Na Entebbe si wageni kwenye haya. Zuu yenyewe ilianza 1952, kituo cha kulea wanyama yatima. Kisiwa cha Ngamba cha sokwe, 1998, mmoja wa wadau waliokianzisha alikuwa zuu ya Taronga ya Sydney, pamoja na Entebbe wenyewe na watu wa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe. Na umoja wa vituo vya nyani na sokwe Afrika, PASA, uliundwa 2000 hapo hapo Entebbe. Yule sokwe mzee wa Entebbe, Zakayo, aliyekufa 2018 na miaka 54, unafikiri sokwe anafika umri huo kwa ndizi peke yake?

BintiKatosi

Mmesahau samaki na mwenye swali ameuliza. Mimi mama yangu anauza samaki Katosi na bibi aliuza kabla yake.

Bibi alikuwa anasema zamani nkejje, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, walikuwa wa rangi zote, wekundu, buluu, wa manjano, aina nyingi huwezi kuhesabu, wakikaushwa kwenye vijiti mtoto mwenye utapiamlo anapona. Halafu mputa, yaani sangara, akaletwa ziwani miaka ya 1950, akakaa kimya, miaka ya 1980 akalipuka akawala. Mamia ya aina za nkejje, nyingi zimepotea. Na si mputa peke yake, maji yalichafuka yakawa na giza. Nkejje jike anachagua dume kwa rangi, maji yakiwa machafu haoni, anaenda kwa asiye wake, aina zinachanganyika mpaka hujui yupi ni yupi. Nilisoma hiyo nikacheka halafu nikasikitika.

Sasa akwariamu za Marekani miaka ya 1990 zilianzisha mpango wa kuwaweka nkejje wa ziwa letu, waliongozwa na watu wa Boston, wakishirikiana na watafiti wa samaki wa Jinja. Aina hii inakaa Boston, ile iko mji mwingine, tangi likiharibika huku kuna mbegu kule. Ila samaki hana jina kama Zakayo, hapigwi picha, ni kidole tu kina mapezi. Watu wanalipa kuona papa, nani atalipa kuona nkejje? Kila aina inataka matangi yake, wakichanganyika umeharibu kazi yote, kwa hiyo aina nyingi hazikupata nafasi. Na hata hao waliopo utawarudisha wapi? Ziwa lile lile lenye mputa? Na mputa ndiye amenisomesha mimi. Mnaona tabu yenyewe.

KijanaWaIlala_Kla

Mimi ni Mtanzania nafanya kazi hapa Kampala, kuhusu kurudishwa nina stori. Vyura wa Kihansi! Kachura kadogo, sentimita mbili hivi, ka njano, hakatagi mayai, kanazaa watoto wamekamilika. Kalikuwa kanaishi sehemu moja tu duniani, pale maporomoko ya mto Kihansi yanaporusha manyunyu. Kamegunduliwa 1996, na bwawa la umeme ndio linajengwa. Maji yakageuzwa, manyunyu yakakata, wakaweka mabomba ya kunyunyizia, baadaye ugonjwa wa kuvu ya ngozi ukapita ukamaliza waliobaki. 2009 wakatangazwa hawapo tena porini.

Lakini 2000 walikuwa wameshachukuliwa vyura 499 kwenda zuu ya Bronx, New York. Sisi mtaani tulicheka, chura anapanda ndege na wewe hujawahi kufika Morogoro. Kule nako walikufa vibaya, minyoo, taa zisizofaa, ikafika hawazidi sabini wote. Zuu za Bronx na Toledo zikawa zinabadilishana kila wanachojifunza, taa gani, inzi wadogo wa kulisha, manyunyu kiasi gani. Wakaongezeka. 2010 vyura 100 wakarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Watanzania wakafundishwa kuwalea, 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi kwenyewe. Na huo ugonjwa wa kuvu bado upo, kwa hiyo usiniambie kazi imeisha.

Kwa hiyo @BintiKatosi inawezekana, ila umeona gharama.

BabaShamim

Aisee asanteni wote, nimesoma mara mbili. Ya mbuzi imeniingia kabisa, mambo ya jeni tungekesha. Ya Marius sijamwambia Shamim, nimemwambia shemeji, amekaa kimya kwenye grupu mpaka sasa. Ya nkejje nimemsomea mama yangu akasema kweli, yeye anakumbuka zile za rangi.

Shamim ya vifaru ameielewa, ya chura ndiyo imemkamata. Swali lake jipya: chura alipataje viza?

Mlishaji_Mstaafu

Mwambie ana karatasi kuliko mtu. Kibali cha nchi anayotoka, kibali cha anayokwenda, na kama yuko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama pori, cha huo pia, barua ya daktari, halafu akifika anatengwa peke yake siku kadhaa aangaliwe kama amebeba ugonjwa. Nimewahi kushika faili la mnyama mmoja mdogo tu, lilikuwa zito kuliko mnyama.

Muhindo_Kasese

Na hawa tembo wanaovuka kutoka Kongo usiku hakuna anayewauliza karatasi hata moja. Wapitie kwa Okello basi wiki hii, mimi mihogo imeisha.